Usimpe Mtoto Springi ya Mtu Mzima



Leo nataka kuwaeleza habari ya mchezo. Najua baadhi yenu mtasema, "Je, karani wa parokia amekosa kazi, hata atuandikie habari za kurukaruka?" Ngojeni kidogo. Mchezo huu ulimvunja mkono mpwa wangu, nao ulinilazimisha mimi, mtu mzima niliyepita chuo cha ualimu, kumwomba msamaha mtoto wa miaka 13. Tena kitu kilichofika kwetu Suji, juu milimani, chaweza kufika kwenu pia. Afadhali mjue mapema namna ya kukichagua.

Milonjo mnaijua. Wengine huiita ngongoti. Ni magongo mawili marefu yenye mahali pa kukanyagia, na anayeipanda huwa mrefu kuliko wenzake. Sisi tulipokuwa wadogo tulijikatia miti wenyewe, tukashindana kupita nayo kati ya migomba. Wamakonde wa Mtwara na wa Msumbiji wana ngoma yao ya ngongoti, ambayo mchezaji wake hufunika uso kwa kinyago na kupita juu ya vichwa vya watu kama twiga. Huko Ufaransa, katika nchi ya Landes, zamani wachungaji walitembea juu ya magongo kwenye majani na maji, wapate kuwaona kondoo wao toka mbali. Mtu mmoja wa huko, Sylvain Dornon, mwaka 1891 alitoka Paris akaenda kwa magongo mpaka Moscow.

Milonjo ya namna hiyo ni mti mtupu. Mwenye kuichonga ana swali moja tu la kujiuliza: Je, urefu huu wamfaa anayejifunza? Lakini siku hizi iko milonjo ya namna nyingine, nayo ina swali la pili. Ni milonjo ya springi. Mjerumani mmoja, Alexander Böck, ndiye aliyeibuni, na mwaka 2004 alipewa huko Marekani hati ya kuulinda uvumbuzi wake. Mguu hufungwa juu ya kibao, na ukanda hushika chini ya goti. Nyuma ya mguu iko springi moja ndefu, pana, iliyokunjwa kama upinde. Mara nyingi haikufanywa kwa chuma, bali kwa nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu. Chini kabisa iko kwato ya mpira. Anayeivaa huongezeka urefu karibu nusu mita. Akikanyaga, springi hunepa. Akijiinua, springi hujinyosha na kumrusha juu.

Swali la pili ndilo hili: Springi hii imewekewa mtu wa kilo ngapi? Mimi sikuliuliza.

Wakati wa Noeli ya mwaka 2023, baba mdogo wa mpwa wangu, afanyaye kazi Dar es Salaam, alikuja nyumbani kula sikukuu, kama ilivyo desturi ya Wapare wengi. Katika mzigo wake alimletea mtoto milonjo ya springi, aliyoinunua kwa mwuza mitumba. Ndani ya mfuko ilikuwamo karatasi ya maelezo kwa Kiingereza. Baba mdogo akamwambia mtoto, "Karatasi hii mpelekee mjomba wako, yeye ndiye msomi." Nami nilifurahi kuitwa msomi.

Niliisoma karatasi ile upesi upesi. Nikasoma namna ya kufunga mikanda na namna ya kukaza bolti. Katikati ilikuwapo jedwali ya namba. Hiyo nikairuka. Juu ya springi yenyewe iliandikwa 70–90. Nikadhani ni namba ya kiwanda tu.

Dada yangu, mama yake mtoto, akaniuliza, "Kaka, kitu hiki si kikubwa kwake?" Nikamjibu, "Atakua. Kwani viatu vya shule humnunulii vyenye nafasi?" Akanyamaza, kwa maana ni kweli. Sisi wazazi wa vijijini twanunua sare ndefu na kuipiga pindo. Twanunua viatu vipana na kutia karatasi mbele. Ni akili njema, maana fedha ni chache na watoto hukua upesi. Lakini springi si kiatu.

Siku za kwanza mtoto alitembea akishika ukuta wa nyumba. Alikuwa kama mtu aliyefungwa nguzo miguuni. Kila hatua ilimtikisa mpaka meno. Akaniambia, "Mjomba, hainepi." Nikamwambia, "Waogopa tu. Kanyaga kwa nguvu!" Akakanyaga kwa nguvu, isinepe. Wenzake wakaanza kucheka. Nami, Mungu anisamehe, nikasema mbele yao neno ambalo nalikumbuka mpaka leo. Nilisema, "Wewe huna moyo."

Jumapili ya Familia Takatifu, tarehe 31 Desemba, baada ya Misa, mtoto alitaka kunionyesha kwamba anao moyo. Nyumba zetu nyingi za huku zimejengwa kwenye miteremko, na uwanja wetu umeshikwa kwa ukuta wa mawe. Mtoto akasimama ukingoni, akaruka hadi uwanja wa chini, kimo cha mita moja hivi. Safari hii springi ilinepa. Lakini ilinepa kwa kishindo, mguu mmoja kabla ya mwingine, ikarudi kwa nguvu iliyowekwa kwa ajili ya mtu mzima. Ikamtupa nyuma. Akatanguliza mkono wa kulia juu ya mawe.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu Msabato, aliyekuwa akipalilia maharage yake, maana kwake Jumapili ni siku ya kazi. Yeye ndiye aliyeufunga mkono kwa vipande viwili vya ubao na kitambaa, akamtafuta mwenye pikipiki. Tukateremka mpaka Makanya, na kutoka hapo tukafika hospitali. Mfupa ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kifundo cha mkono. Mtoto akafungwa plasta, tukaambiwa aikae wiki sita.

Kabla ya kumpa dawa, mwuguzi alimpima uzito. Akaandika kwenye kadi: kilo 42. Kadi nilikuwa nimeishika mimi, kwa kuwa kazi yangu ni karatasi. Nilipoiona ile 42, mara nikaikumbuka ile 70–90. Nikahisi tumbo limenishuka. Usiku ule niliitoa karatasi, nikaisoma jedwali niliyoiruka. Ilikuwa jedwali ya kilo.

Sasa wasomaji wapenzi, nawaomba mnisikilize vizuri, maana jambo lenyewe ni jepesi.

Nani kati yenu hajapanda nyuma ya lori tupu katika barabara ya mlimani? Kila jiwe walisikia mgongoni. Lakini lori hilo hilo likipakiwa magunia, laenda taratibu kama mashua. Barabara ni ile ile na springi ni zile zile. Tofauti ni kwamba springi za lori zimewekewa mzigo, na mzigo usipokuwapo hazikubali kunepa. Mpwa wangu alikuwa lori tupu.

Au angalieni mizani ya kuning'iniza. Akina mama wanaijua ile ya kliniki, ambayo mtoto mchanga hutiwa katika kikapo chake. Ndani yake mna springi laini, na hata mtoto wa kilo 4 huonekana vizuri. Sasa mchukueni mtoto huyo, mumning'inize kwenye mizani ya magunia ya mahindi. Mshale utatikisika kidogo tu. Na ukitundika gunia kwenye mizani ya kliniki, utaiharibu. Mizani zote mbili ni nzuri, ila kila moja ina mzigo wake. Mwingereza Robert Hooke aliieleza kanuni hii mwaka 1678: uzito ukiwa mara mbili, springi huvutika mara mbili, mradi usipite mpaka wake. Ukitundika kilo 1 ya maharage na springi ikashuka sentimita 2, basi kilo 2 zitaishusha sentimita 4. Milonjo yetu haifuati kanuni hiyo kwa ukamilifu kama mizani, lakini njia ni ile ile. Mtoto wa kilo 42 juu ya springi ya mtu wa kilo 84 huinepesha karibu nusu tu ya ilivyokusudiwa.

Kwa hiyo watengenezaji huzipanga springi kwa kilo. Makundi hutofautiana kiwanda kwa kiwanda, lakini mara nyingi ni kama hivi: kilo 30 hadi 50 kwa watoto, kisha 50 hadi 70, kisha 70 hadi 90, na kuendelea juu kwa watu wazito. Umri hauhesabiwi. Urefu hauhesabiwi. Watoto wawili wa darasa moja waweza kupishana kilo 15.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Siku moja baada ya msaragambo wa kutengeneza barabara, jirani yetu mmoja mnene, mtu wa kilo zaidi ya 100, alitaka kuijaribu milonjo ile mbele ya watu. Nikamkatalia, akakasirika kidogo. Nikamweleza kwamba springi laini chini ya mtu mzito hunepa mpaka mwisho wake, hugonga, humwangusha, na yaweza hata kukatika. Tena anayeruka na kutua huikandamiza kwa nguvu nyingi kuliko uzito wake wa kusimama. Akacheka, akasema, "Basi karani, waniambia mimi ni gunia kwenye mizani ya kliniki." Nikasema ndiyo, na urafiki wetu haukuvunjika.

Ilipofika Februari, kijana mmoja mwalimu aliomba kujaribu. Safari hii tulianza na mizani: kilo 74. Tukaenda uwanja wa mpira, penye majani na pa tambarare, ambapo huku kwetu si pengi. Wanaume wawili wakamshika mabega. Kwanza alitembea hatua ndogo ndogo, na springi ikanepa kidogo na kurudi, kama tawi aliloondokea ndege. Baada ya saa moja alikuwa akirukaruka peke yake, na watoto wote wakipiga kelele.

Mpwa wangu alikuwa amekaa kando, mkono wake ndani ya plasta. Hakupiga kelele. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Kumbe inanepa."

Wasomaji wapenzi, maneno hayo mawili yalinichoma kuliko ule ukuta wa mawe ulivyomchoma yeye. Kwa wiki nyingi mtoto huyu alidhani kosa ni lake. Alidhani wengine wanao moyo, yeye hana. Aliandika shuleni kwa mkono wa kushoto, na Jumapili alikaa kwenye benchi akiwatazama watumishi wenzake altareni, na moyoni alibeba neno langu. Kumbe alikuwa amenieleza ukweli tangu mwanzo. Aliniambia, "Mjomba, hainepi." Sikuichunguza springi, nikamlaumu mtoto.

Nikamwita pembeni, chini ya mti. Nikamwambia, "Mjomba wako alikosa. Ulikuwa na moyo. Mimi ndiye niliyekosa kusoma. Nakuomba msamaha." Akaangalia chini, kwa kuwa si desturi yetu mkubwa kumwambia mdogo hivyo. Kisha akasema, "Nimesamehe, mjomba." Lakini nilikuwa nimelisema lile neno mbele ya watoto, nikaona haitoshi kulifuta kichakani. Nikarudi uwanjani, nikaliondoa mbele ya watoto wale wale.

Sasa nitoe mashauri, kwa wale ambao milonjo ya springi itawafikia.

Kwanza, mpimeni mtoto kabla ya kununua. Nendeni zahanati, au mahali panapopimwa mazao. Apimwe kama atakavyocheza, na nguo zake na viatu vyake. Kisha someni namba iliyo juu ya springi. Kama haina namba wala karatasi, iacheni sokoni hata ikiwa rahisi.

Pili, nunueni kwa kilo za leo. Msinunue kwa kilo za mwakani. Milonjo mingi hukubali kubadilishwa springi, basi mtoto akiongezeka atatafutiwa nyingine.

Tatu, kilo zake zikiwa mpakani, kama vile 50 au 70, anayeanza ataona nafuu kwa springi iliyo laini zaidi, maana kazi yake ya kwanza ni kutembea na kuruka kidogo. Lakini asipite kamwe mwisho wa uzito ulioandikwa. Wazoefu warukao juu sana ndio wanaohitaji ngumu.

Nne, ijaribuni kwa macho yenu. Mtoto ashikwe mabega na watu wawili, ahamishe uzito mguu kwa mguu. Springi inepe kidogo na kurudi. Akiruka kidogo, inepe zaidi bila kugonga mwisho wake. Isiponepa kabisa, ni ngumu kwake, msimwambie akanyage kwa nguvu. Ikinepa mno na kuyumba, ni laini kwake.

Tano, kagueni springi na bolti kila mara kabla ya kuvaa, hasa kama ni ya mitumba. Springi yenye ufa au yenye nyuzi zilizochomoza haifai tena, hata kwa siku moja.

Sita, anayejifunza avae kofia ngumu, na kinga za magoti, viwiko na vifundo vya mikono. Uwanja uwe tambarare, usio na mawe. Hawezi kusimama tuli juu ya milonjo hii, basi afundishwe kupiga hatua ndogo ndogo mahali alipo. Akiona anaanguka, aangukie mbele, juu ya magoti yenye kinga. Asiangukie nyuma. Wala asiruke kutoka mahali pa juu.

Na ambaye hana fedha za vitu hivi asisikitike. Mchongeeni mtoto milonjo ya mti, mahali pa kukanyagia pawe chini, sentimita 25 au 30 toka ardhini. Atajifunza kusimama sawa, na kuanguka kwake kutakuwa kudogo. Akizoea, mtapandisha. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

Nimesema habari za springi, lakini nadhani kila mzazi amekwisha kuona kwamba kosa langu halikai kwenye milonjo tu. Kuna mtoto anayepewa jembe la baba yake, kisha aitwa mvivu. Kuna anayerushwa darasa, kisha aitwa mjinga. Kuna msichana wa miaka tisa anayeachiwa wadogo zake watatu toka asubuhi hadi jioni, na chungu kikiungua hupigwa. Tunawapa mizigo ya kilo 80, na wakituambia kwamba hainepi, tunawaambia hawana moyo. Injili ya Jumapili ile aliyoanguka mpwa wangu yatueleza jinsi Mtoto Yesu alivyokua na kupata nguvu huko Nazareti. Hata Yeye alikua kwa miaka, kidogo kidogo, nyumbani kwa wazazi wake.

Plasta iliondolewa, na mkono ukapona vizuri. Mtoto amerudi kutumikia altareni. Milonjo ya springi nimeitundika darini, imefungwa ndani ya gunia. Kwenye mwimo wa mlango wangu pana mistari ya kalamu ya risasi. Kila mwisho wa mwezi mpwa wangu hupita kwenye mizani ya mazao, kisha huja kwangu kuandika kilo zake. Mstari wa kwanza ni 42. Wa mwezi uliopita ni 51. Yeye mwenyewe aliuandika, kwa mkono wake wa kulia, kisha akaangalia darini na kucheka.

"Bado, mjomba," akasema.

"Bado," nikamjibu. "Hatuna haraka."